Kabla ya Baltimore kulikuwa na migomba: Mary Ainsworth na watoto 28 wa Buganda

Kama umesoma saikolojia hata muhula mmoja, au ualimu wa awali, au uuguzi, au ustawi wa jamii, basi umeshakutana na jaribio la Hali Ngeni. Mama na mtoto wake wa mwaka mmoja hivi wanaingizwa kwenye chumba chenye midoli. Anaingia mtu ambaye mtoto hamjui. Mama anatoka. Mama anarudi. Mama anatoka tena, safari hii mtoto anabaki peke yake. Nyuma ya kioo kuna watafiti wanaandika kila anachofanya. Mwalimu anakuambia jaribio hilo lilibuniwa Baltimore, Marekani, na mwanamke anayeitwa Mary Ainsworth. Unaandika kwenye daftari, mnahamia mada nyingine. Mtihani ukija unataja aina tatu za watoto, unapata alama zako, yameisha.

Kuna kipande kinachorukwa hapo, na ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Jambo ambalo kile chumba cha Baltimore kilijengwa ili kulionyesha, Ainsworth alikuwa ameshaliona miaka kumi kabla, bila kioo wala chumba maalumu, akiwa ameketi sebuleni kwa watu katika vijiji vya kuzunguka Kampala. Wewe unayesoma ukiwa Kanazi, au popote kando ya barabara ya Bukoba kwenda Muleba, huhitaji picha ili kuelewa mandhari yenyewe. Nyumba iko katikati ya migomba, mama ametoka kulima asubuhi, mchana kimya, alasiri wageni wanakuja na mtoto anatambaa sakafuni. Sisi tunaita kibanja, na wao wanaita kibanja. Kiganda na Kihaya ni ndugu. Ukivuka Mutukula kwa basi la asubuhi, siku hiyohiyo uko Kampala.

Kwa hiyo moja ya nadharia zinazofundishwa zaidi duniani kuhusu mtoto na mama yake ilianzia kwa jirani zetu. Hebu tuone ilianzaje, maana njia iliyopita si ile ya vitabu vya chuo.

Mary Salter alizaliwa mwaka 1913 Ohio, Marekani, akakulia Toronto, Kanada. Hapo Toronto ndipo alipopata shahada zake zote, na uzamivu akaumaliza mwaka 1939. Mwalimu wake, William Blatz, alikuwa na wazo moja lililomkaa kichwani maisha yake yote: mtoto mdogo huthubutu kwenda kuchunguza dunia pale tu anapojua kuna mtu nyuma yake wa kumkimbilia. Usalama kwanza, ujasiri baadaye. Kwenye karatasi ni wazo zuri, ila mpaka hapo lilikuwa wazo tu. Vita vilipokuja akaingia jeshi la wanawake la Kanada, akapanda hadi cheo cha meja. Mwaka 1950 akaolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London ili mume amalizie masomo yake, na yeye akatafuta kazi kupitia tangazo la gazeti. Kazi hiyo ikamkutanisha na John Bowlby, daktari wa akili aliyekuwa akichunguza watoto waliotenganishwa na mama zao.

Nisimame kidogo kwa Bowlby, kwa sababu bila yeye hutaelewa kilichotokea Uganda. Mwaka 1951 alikuwa ameandikia Shirika la Afya Duniani ripoti iliyosema kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama au mtu anayeshika nafasi ya mama, la sivyo afya yake ya akili inaweza kuathirika. Swali lililobaki ni: kwa nini? Mtoto anampendea nini mama yake? Jibu la wakati huo, kutoka kambi mbili za saikolojia ambazo kwa kawaida hazikubaliani hata kuhusu hali ya hewa, lilikuwa moja: chakula. Mama analisha, njaa inaisha, raha ya kushiba inahamia kwa mama. Tuyaite mapenzi ya tumbo. Bowlby alianza kulitilia shaka jibu hilo baada ya kusoma kazi za watu waliochunguza wanyama, akina Konrad Lorenz, aliyeonyesha kwamba vifaranga wa bata bukini humfuata kiumbe wa kwanza wanayemwona anatembea, alishe asilishe. Akafikiri huenda mtoto wa binadamu naye anazaliwa na mwelekeo wa kushikamana na mtu, na chakula ni jambo jingine kabisa.

Ainsworth hakukubali. Alimheshimu sana Bowlby, lakini hapo aliona bosi wake anapotea, hata akamtahadharisha kwamba mambo ya bata yangemharibia jina. Kwake ilikuwa wazi kama mchana kwamba mtoto anampenda mama kwa sababu mama anamshibisha.

Na msimamo huo ndio aliousafirisha hadi Afrika Mashariki mwanzoni mwa 1954.

Hakuja kwa sababu ya utafiti wake. Mume wake alipata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere, na mke akamfuata mume. Kazi ya kumsubiri haikuwepo. Taasisi hiyo iliongozwa na mwanamke, mwanaanthropolojia Audrey Richards, na kupitia taasisi hiyo Ainsworth aliweza kufanya utafiti wake mwenyewe. Maabara? Hamna.

Hapa niruhusu nichepuke, maana neno "maabara" linatupotosha sana sisi wanafunzi. Mwaka 1912 mwanamke wa Kijapani, Tsuruko Haraguchi, alipata uzamivu wa saikolojia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, chini ya Edward Thorndike. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Japani kupata shahada ya ngazi hiyo. Alitaka kujua akili inachokaje, na akajifanya yeye mwenyewe kuwa mtu wa kupimwa: siku nne mfululizo, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tano usiku, alizidisha kichwani namba za tarakimu nne kwa namba za tarakimu nne, huku akihesabu muda. Jaribu moja tu sasa hivi, 4,738 mara 6,297, bila kalamu, halafu urudi. Umeona? Haraguchi alifariki 1915 akiwa na miaka 29 tu, kwa kifua kikuu. Nimemtaja kwa sababu moja: maabara yake ilikuwa kichwa chake, na hakuna aliyesema ile si sayansi. Maabara ni pale unapoweza kuangalia jambo kwa utaratibu, ukaandika ulichokiona, na mwingine akaweza kukubishia. Sebule inatosha. Na Ainsworth mwenyewe baadaye aliona kukosa maabara Uganda kulikuwa bahati, kwa kuwa kulimlazimisha kwenda majumbani mwa watu.

Lakini kwenda majumbani mwa watu si kupiga hodi tu. Mzungu, mgeni, miaka ya mwisho ya ukoloni, anataka kukaa sebuleni kwako saa mbili na kumtazama mwanao. Hapa ndipo linaingia jina ambalo nakuomba uliweke pamoja na la Ainsworth kila utakapoandika kuhusu utafiti huu: Katie Kibuka. Alikuwa mkalimani na msaidizi wake. Kila swali kwa mama lilipita kwake na kila jibu lilirudi kupitia kwake. Wewe na mimi tunajua ukalimani wa namna hiyo unavyokuwa. Hutafsiri maneno peke yake. Lazima ujue mgeni aketi wapi, salamu ziishe lini, swali gani haliulizwi mbele ya mkwe, na mama akisema "hajambo tu" amejibu au amekwepa. Mtu aliyewahi kukusanya takwimu kijijini anajua kwamba nusu ya utafiti hufanywa na mtu huyo, na kwenye jalada la kitabu kinatoka jina moja.

Wakapata familia 26 zenye watoto 28 ambao bado walikuwa wananyonya, kuanzia wa mwezi mmoja hadi wa miaka miwili. Kila familia ilitembelewa baada ya wiki mbili, kwa saa mbili hivi, kwa muda uliofika hadi miezi tisa. Walienda alasiri, wakati ambao mwanamke wa Kiganda ameshatoka shambani na anapokea wageni. Hilo lenyewe lilikuwa jambo jipya. Watafiti wengi wa wakati ule walikuwa wakiwauliza wazazi maswali au kuwapima watoto hospitalini. Ainsworth aliketi, akaangalia mtoto huyohuyo wiki baada ya wiki akibadilika mbele ya macho yake.

Sasa, swali alilokuja nalo. Alikuwa amesikia kwamba Waganda, mtoto anapoachishwa ziwa, humpeleka kwa bibi au kwa ndugu mwingine ili asahau kunyonya. Desturi hiyo hata kwetu Kagera si hadithi ya kushangaza. Wengi tumelelewa na bibi kwa sababu moja au nyingine. Kwa mtafiti aliyetoka kwa Bowlby, hii ilikuwa kama zawadi: watoto wanatenganishwa na mama kwa utaratibu unaojulikana, unawaangalia kabla, unawaangalia baada, unapata jibu.

Tatizo ni kwamba alipofika vijijini alikuta familia nyingi hazifanyi tena hivyo. Desturi ilikuwa imebaki zaidi kwenye maelezo kuliko kwenye nyumba.

Mtafiti mwenye kichwa kigumu angezitafuta zile familia chache zilizobaki na kuandika kitabu juu yao. Au angeandika desturi kama alivyosimuliwa na kurudi zake London; wamefanya hivyo wengi, na vitabu vyao tumevisoma. Ainsworth aliliacha swali lake akachukua lile ambalo nyumba zenyewe zilikuwa zinamwonyesha: kabla hata hatujafika kwenye kutenganishwa, kule kushikamana kwenyewe kunaanza lini, na utakujuaje?

Hebu nikueleze alichoandika, kwa sababu ukishakisoma utaanza kukiona kila mahali. Mtoto wa wiki chache hulia akibebwa na huyu au yule, na hunyamaza akibembelezwa na huyu au yule. Halafu inaanza tofauti. Analia mikononi mwa jirani, akirudishwa kwa mama ananyamaza. Anatabasamu kwa wengine, lakini kwa mama zaidi. Macho yake yanamfuata mama hata akiwa amepakatwa na mtu mwingine. Akishaanza kutambaa, mama akitoka sebuleni kwenda jikoni, mtoto naye huyo nyuma yake. Mama akirudi, anafurahi kwa mwili mzima, na watoto wa Kiganda mara nyingi walipiga makofi. Akiogopa, anaficha uso mapajani mwa mama. Kadiri miezi ya nusu ya pili ya mwaka wa kwanza ilivyosogea, ndivyo mambo haya yalivyoonekana wazi zaidi.

Na kuna moja lililo kiini cha yote. Mtoto akiwa na mama sebuleni, kwa amani, hamng'ang'anii. Anamwacha. Anatambaa hadi mlangoni, anachukua kijiti, anamtazama mgeni, anageuka kuhakikisha mama yupo, anaendelea. Akishtuka, anarudi mbio kumgusa mama, halafu anaondoka tena. Mama amekuwa kama kituo: unatoka hapo, unarudi hapo, na kwa sababu kituo kipo huogopi kwenda mbali. Lile wazo la Blatz la Toronto, ambalo miaka yote lilikuwa maneno, sasa lilikuwa linatambaa mbele yake kwenye mkeka. Watoto hawa walikuwa wanafanya mengi zaidi ya kusubiri ziwa. Walikuwa wanaita, wanafuata, wanakaribisha, wanatafuta mtu fulani na si mwingine. Mapenzi ya tumbo hayaelezi hilo. Huko Buganda ndiko Ainsworth alikokubali kwamba Bowlby na bata wake walikuwa wameona kitu.

Akawagawa watoto wake 28. Kumi na sita aliona wana mfungamano wenye usalama: wanalia kidogo, wanachunguza kwa raha mama akiwepo. Saba hawakuwa na usalama: walilia mara kwa mara, hata wakiwa mikononi mwa mama. Watano walikuwa bado hawajaonyesha tofauti yoyote kati ya mama na mtu mwingine. Halafu akauliza, kwa nini hawa wako hivi na wale vile?

Majibu yake yanastahili kusomwa taratibu, hasa na wewe ambaye kesho utakuwa unatoa ushauri kliniki. Kuwa na walezi wengi hakukuonekana kuwa tatizo. Mtoto aliyebebwa na shangazi, bibi na dada hakuwa na usalama mdogo kwa sababu hiyo peke yake. Kilichoendana na usalama ni mambo mengine. Moja ni kiasi cha malezi ambacho mama mwenyewe alimpa mtoto. Jingine ni mama kufurahia kunyonyesha. La tatu ndilo lililonivutia zaidi: mama alivyomzungumzia mtoto. Wapo akina mama ambao, ukiwauliza kuhusu mtoto, wanakupa habari tele bila kuvutwa: huyu analala hivi, akilia hivi ni njaa, akilia vile ni usingizi, juzi ameanza kumkimbia jogoo. Wengine wanajibu kwa kifupi au wanahamisha mazungumzo kwenye mambo mengine. Wale wa kwanza, watoto wao walikuwa na usalama zaidi. Ainsworth alisoma hapo kwamba mama anayejua mambo madogo ya mtoto wake ni mama anayeona ishara zake na kuzijibu. Hilo ndilo lililokuja kuitwa wepesi wa mama kuhisi ishara za mtoto, na vitabu vizima vimeandikwa juu yake.

Mimi nina shaka hapo, nakuachia uipime. Mama aliyejibu kwa kifupi alimjibu nani? Alimjibu mzungu, kupitia mkalimani, sebuleni, pengine mume au mkwe yuko karibu. Sisi huku tuna akina mama wanaojua kila kitu cha mtoto wao na hawatakuambia neno, kwa sababu mtoto mchanga haongelewi ovyo mbele ya mgeni. Pia aliyempima mama na aliyempima mtoto ni mtu mmoja, na watoto wenyewe ni 28. Utafiti mdogo wa namna hii unafungua macho, lakini haufungi kesi. Sifa ya Ainsworth ni kwamba alichapisha maelezo ya mtoto mmoja mmoja, kwa kirefu, kiasi kwamba unaweza kusoma na kubishana naye. Kitabu kilitoka mwaka 1967.

Kwa nini kilichelewa zaidi ya miaka kumi? Maisha. Mwaka 1955 waliondoka Uganda kwenda Baltimore, tena kwa kazi ya mume. Yeye akapata nafasi Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mahali ambapo wahadhiri wanawake walikuwa na chumba chao cha kulia chakula, mbali na wanaume. Ndoa ikavunjika 1960. Mwaka 1963 akaanza utafiti wa pili, familia 26 za Baltimore, safari hii akiwa na wasaidizi na fedha, akifuata njia ileile ya Uganda: nenda nyumbani, keti, angalia. Kila familia ilitembelewa tangu mtoto ana wiki tatu hadi karibu na wiki ya 54, saa nne kila ziara.

Sasa angalia kilichomkuta. Kule Buganda, mama akiinuka tu kwenda nje, mtoto alionyesha wazi kwamba ana kituo na kituo kinaondoka. Mgeni akikaribia, aliogopa waziwazi. Kule Baltimore, mama anaingia na kutoka nyumbani siku nzima na mtoto wala hashtuki. Amezoea. Ainsworth akafikiri: jambo lipo, ila nyumbani halijitokezi. Nikimtoa mtoto mahali alipozoea, nikamweka mahali pageni, nikamletea mtu mgeni, litajitokeza. Ndipo mwaka 1964, yeye na Barbara Wittig wakabuni Hali Ngeni: vipindi vinane, vingi vya dakika tatu tatu, jumla kama dakika ishirini na ushee.

Umeipata? Chumba kile kilijengwa ili kuwafanya watoto wa Marekani waonyeshe kile ambacho watoto wa Buganda walikuwa wakikionyesha sebuleni kwao bila kusukumwa. Kilikuwa msaada wa kuangalia, kama darubini kwa asiyeona mbali.

Lakini chombo cha dakika ishirini kina mvuto mkubwa kuliko miezi tisa ya kuketi mkekani. Ni rahisi, ni cha haraka, kinatoa herufi: B kwa wenye usalama, A kwa wanaomkwepa mama akirudi, C kwa wanaomng'ang'ania huku wamekasirika. Kitabu cha Ainsworth na wenzake cha 1978 kilikusanya watoto 106 wa Marekani, ambapo theluthi mbili hivi walikuwa B. Kikasafiri. Ainsworth mwenyewe alilalamika baadaye kwamba watu wanachukua chumba na kuacha ziara za nyumbani ambazo ndizo zilizokipa maana.

Mfano mzuri ni Japani. Mwaka 1986 mtafiti mwanamke, Keiko Takahashi, alichapisha matokeo ya watoto 60 wa Sapporo. Asilimia 68 walikuwa B, karibu sawa na Marekani. Waliobaki wote, asilimia 32, walikuwa C. A hakuna hata mmoja. Ukisoma kwa herufi tu utasema thuluthi ya akina mama wa Japani wana kasoro. Takahashi alieleza kwamba mtoto wa Kijapani wa mwaka mmoja alikuwa haachwi peke yake kabisa, hata kwa dakika chache. Ukimwacha peke yake kwenye chumba kigeni humpimi mfungamano, unampima mtoto aliyefikishwa mwisho wa uwezo wake. Chombo ni kilekile, ila kinachopimwa si kilekile.

Mwaka 1988 watafiti wawili wa Uholanzi wakakusanya tafiti 32 za Hali Ngeni kutoka nchi nane, watoto karibu 2,000, waone kama dunia inafanana. Tofauti ndani ya nchi moja zilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya nchi na nchi, jambo zuri kulijua. Nchi zenyewe ni Marekani, Uingereza, Ujerumani Magharibi, Uholanzi, Uswidi, Israeli, Japani na China. Zihesabu tena. Afrika haimo hata moja. Miaka 34 baada ya Buganda, bara ambako jambo lilionekana kwanza halikuwa kwenye jedwali.

Hii haikuwa kwa sababu hakuna aliyeangalia. Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walikuwa wameshachapisha, mwaka 1986, kazi yao ya Kisii, Kenya, yenye watoto 26. Walijua kuingiza chumba cha Baltimore kijijini ni kichekesho, basi jaribio wakalifanya pale pale nyumbani, na badala ya kumbatio wakaangalia kinachofanyika Kisii mtu anaporudi: salamu ya mkono. Mtoto wa Kigusii mwenye usalama anasogea kuipokea salamu kwa hamu, kama wa Baltimore anavyonyoosha mikono abebwe. Hawakumpima mtoto na mama peke yake. Walimpima pia na yule anayemlea mchana mama akiwa shambani, ambaye mara nyingi ni dada mdogo wa familia. Wengi wa watoto walikuwa na usalama kwa wote wawili, kwa kiwango kinachokaribia kile cha Marekani.

Kisha wakapata hiki. Mtoto mwenye usalama kwa mama alikuwa na hali bora ya lishe. Mtoto mwenye usalama kwa mlezi wake mdogo alifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili. Ukiwafikiria wanachofanya siku nzima inaleta maana: mama ndiye anayenyonyesha na kulisha, na yule dada ndiye anayecheza naye, anayemwonyesha vitu na kumsemesha. Fomu nyingi za watoto nilizowahi kuona zina nafasi moja tu ya kuandika jina la mlezi mkuu. Ukipita Kanazi alasiri, shule zikiwa zimetoka, utamkuta mlezi wa pili barabarani, ana sare ya shule, ana miaka tisa, na mdogo wake yuko mgongoni.